Mwacheni Mgonjwa Atembee

Nyumba yenye mgonjwa wa saratani hapa Tanga haikosi viatu mlangoni. Watu hupita asubuhi kabla hawajaenda kazini, wengine baada ya Alasiri, huyu na chupa ya uji, yule na machungwa ya Muheza, na kila anayeingia ana neno lile lile: "Usiinuke, lala tu, lala." Mgonjwa akishika ufagio anapokonywa. Akitaka kujitekea maji, mtoto anatumwa. Akikaa barazani kidogo anaambiwa aingie ndani asije akapigwa na upepo. Ni mapenzi hayo, na mimi niliyezaliwa na kukulia Ngamiani najua uzito wake. Kuna watu hawana cha kukupa, wanakupa muda wao. Lakini nimemuuguza mama yangu mdogo, nimesoma nilichoweza kusoma, na sasa nataka kusema bila kuzunguka: wagonjwa wengi wa saratani tunawalaza kupita kiasi, na kinachodhoofika si miguu peke yake. Akili nayo inadhoofika.

Mama mdogo ni fundi cherehani. Madera, magauni ya harusi, sare za wanafunzi shule zinapokaribia kufunguliwa, vyote hupita mikononi mwake. Kabla hajaugua alikuwa na sifa moja ambayo mtaa mzima unaijua: haandiki vipimo. Anazungusha futi kifuani, kiunoni, nyongani, anashuka na urefu, mdomo hauachi soga, halafu siku mbili baadaye anakata kitambaa na gauni linakaa. Wateja wake wa zamani hata hakuwapima. Aliwatazama tu walivyonenepa au kupungua.

Ikaja saratani ya titi. Akapasuliwa, akapata kemo, yaani dawa kali za kuua seli za saratani, halafu safari za Dar es Salaam kwa ajili ya mionzi. Sitazisimulia safari hizo. Kila familia ya hapa iliyowahi kupanda basi Kange alfajiri na mgonjwa inazijua. Ninachotaka kusimulia ni kilichobaki baada ya hapo, wakati nywele zimeanza kuota, wageni wamepungua, na kila mtu anamwambia Alhamdulillah umepona.

Alirudi kwenye cherehani yake. Akampima mteja kifua, akaisoma namba kwa sauti, akageukia daftari aandike, namba haipo. Akapima tena. Akageuka, haipo. "Ilikuwa hapa sasa hivi," alisema, akijigusa paji la uso. Yule mteja, mtu wa heshima zake, alijifanya hajaona. Baada ya hapo yakaja mengine. Anaomba mkasi anashindwa kulitaja jina, anabaki "nipe kile, kile cha kukatia". Anaweka wali jikoni, anakwenda kuanika nguo, harufu ya kuungua ndiyo inayomkumbusha. Na lililomuumiza kuliko yote ni swala: anasimama hajui kama ni rakaa ya tatu au ya nne. Karibu kila Adhuhuri alikuwa akisujudu sijida ya kusahau. Alilia kwa ajili ya hilo kuliko alivyolilia titi.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Umri, wakasema, ilhali hajafika hata sitini. Mawazo. Kijicho cha mafundi wenzake. Jirani mmoja akanong'ona kwamba kansa imempanda kichwani, na mnong'ono huo ukamfikia mwenyewe, akakosa usingizi. Hili la mwisho halipaswi kupuuzwa, maana saratani ya titi inaweza kweli kufika kwenye ubongo. Mtu mwenye kichwa kinachouma bila kuacha, kutapika asubuhi, degedege, upande mmoja wa mwili kulegea au macho kuona vitu viwili viwili, apelekwe hospitali bila kungoja. Mama mdogo alipelekwa, akachunguzwa, haikuwa hivyo. Akaambiwa ni kawaida kwa waliopitia matibabu yale. Nilishusha pumzi, kisha nikakasirika: ikiwa ni kawaida, kwa nini hakuna aliyemwambia mapema? Alionywa kuhusu nywele, kichefuchefu, vidonda vya mdomo. Kuhusu akili hakuambiwa na mtu.

Na ni kawaida kweli. Makadirio yanayotajwa sana na watafiti ni kwamba hadi asilimia 75 ya wagonjwa hupata matatizo ya kumbukumbu, umakini au kasi ya kufikiri wakati wa matibabu, na hadi asilimia 35 huendelea nayo miezi au miaka baada ya kumaliza. La kushangaza zaidi ni hadi asilimia 30 kuonekana na dalili hizo kabla hata ya kudungwa dawa ya kwanza. Maana yake si kemo peke yake yenye lawama, ingawa lawama nyingi ni zake. Saratani yenyewe huuweka mwili kwenye hali ya tahadhari. Kinga ya mwili humwaga kemikali zinazoitwa sitokini, na hizo zikizidi huusumbua ubongo. Dawa nazo huharibu seli zinazogawanyika haraka, na ndani ya ubongo kuna seli za namna hiyo, hasa kwenye hipokampasi, sehemu inayohusika na kuweka kumbukumbu mpya. Ongeza damu kupungua, usingizi mbovu, hofu, na kwa wanawake wengi hedhi kukatika ghafla kwa sababu ya dawa, homoni ya estrojeni ikashuka kwa mkupuo. Mambo yote hayo humkuta mtu mmoja, kwa wakati mmoja.

Sasa tumlaze mtu huyo kitandani mchana kutwa. Usiku hapati usingizi kwa sababu amelala mchana. Moyo na mapafu vinazoea kazi ndogo, kwa hiyo hata kwenda msalani kunamchosha, na akichoka tunamwambia alale zaidi. Uchovu wa saratani si ule wa mtu aliyelima au aliyebeba mizigo, usingizi hauumalizi. Na mtu aliyechoka namna hiyo hawezi kushika namba kichwani kutoka kwenye futi mpaka kwenye daftari, hata kama hipokampasi yake ni nzima.

Kazi yangu ni ya takwimu, kwa hiyo tafiti huwa sizisomi kwa kichwa cha habari tu. Nataka niwe mkweli kuhusu yale yanayojulikana, maana wagonjwa wa saratani hapa kwetu wameuziwa ahadi nyingi mno, za majani, za mafuta, za maji ya kusomewa, na sitaki mazoezi nayo yawe ahadi nyingine.

Kwa watu wasio na saratani ushahidi una nguvu. Mwaka 2011 Kirk Erickson na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti wa wazee 120. Kundi moja lilitembea dakika 40, mara tatu kwa wiki, kwa mwaka mzima. Kundi la pili lilifanya mazoezi ya kunyoosha viungo. Mwisho wa mwaka hipokampasi za watembeaji zilikuwa zimekua kwa asilimia 2 hivi, wakati za kundi la pili zilikuwa zimepungua, kama inavyotokea mtu anapozeeka. Kutembea tu. Hakuna mashine wala dawa ndani yake.

Kwa wagonjwa wa saratani mambo yako njiani. Huko San Diego wanawake 87 waliotibiwa saratani ya titi waligawanywa kwa bahati nasibu, na waliofanya mazoezi kwa wiki 12 waliongeza kasi ya kuchakata mambo akilini kuliko wenzao, hasa wale ambao hawajapita miaka miwili tangu wagunduliwe. Kule Utrecht, Uholanzi, wanawake 181 waliopata kemo, wote wakilalamikia kumbukumbu, walifuatiliwa kwa miezi sita; nusu yao walifanya mazoezi ya jumla ya saa nne kila wiki. Kwenye mitihani ya kumbukumbu makundi mawili hayakutofautiana. Ila waliofanya mazoezi walisema wenyewe kwamba akili zinafanya kazi vizuri zaidi, uchovu ulipungua, huzuni ilipungua, na wale waliokuwa wamechoka sana tangu mwanzo walionyesha nafuu hata kwenye mitihani yenyewe. Mwongozo wa kimataifa uliotolewa mwaka 2019 ulisema wazi kwamba mazoezi husaidia uchovu, wasiwasi, huzuni na nguvu za mwili za wagonjwa wa saratani, lakini ushahidi kuhusu akili ulikuwa bado hautoshi.

Wapo watakaosoma hayo waseme, basi, haijathibitishwa. Mimi nasoma tofauti. Mama mdogo hana mtihani wa kufanya mbele ya mtafiti. Anataka amalize gauni bila kupima mara tatu, na aswali akijua amefika rakaa ya ngapi. Kama kutembea kunamwondolea nusu ya uchovu, kunamrudishia usingizi, na kunamfanya aone akili yake imetulia, hayo ni maisha yake ya kila siku yanayorudi, hata kama mtihani wa Utrecht hautayaona. Tena mpaka sasa hakuna dawa iliyothibitika kuwa tiba ya tatizo hili. Ukiniambia nichague kati ya kumlaza, ambako hakuna faida iliyoonekana, na kutembea, ambako uchovu na huzuni hupungua kwa ushahidi wa kutosha na akili huenda ikanufaika, sihitaji kufikiri sana.

Lipo na la tatu, na lenyewe linahusu uhai. Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya utafiti uitwao CHALLENGE, wa watu 889 waliotibiwa saratani ya utumbo mpana katika nchi sita. Baada ya upasuaji na kemo, nusu yao waliwekwa kwenye mpango wa mazoezi wa miaka mitatu wakiwa na mtu wa kuwasimamia, na nusu walipewa vitabu vya ushauri wa afya tu. Baada ya miaka minane, asilimia 90 ya waliofanya mazoezi walikuwa hai, wenzao asilimia 83. Nilipousoma nilinyamaza. Ni saratani moja, ya hatua fulani, na haupimi akili. Lakini tofauti ya watu saba katika kila mia, kwa jambo ambalo zaidi ni kutembea, ingekuwa ni kidonge kila mtu angekijua jina.

Basi tukaanza. Ngamiani imepangwa kwa barabara zenye namba, na hilo lilitusaidia kuliko kitu chochote, maana hatukuhitaji simu wala saa ya kuhesabu hatua. Sisi tuko barabara ya 14. Mwanzo tulikwenda hadi ya 13 tukarudi, naye akakaa barazani kwa muda mrefu akihema. Kisha ya 12. Siku alizochoka sana hakwenda popote, alizunguka uani tu. Lengo alilojiwekea lilikuwa kuvuka reli kwa miguu yake mpaka upande wa mjini, na siku alipovuka alinunua kachori kwa furaha akagawia watoto wa njiani.

Tulitoka mara baada ya swala ya Alfajiri. Tanga saa nne asubuhi jua na unyevu wa bahari vinamchosha hata mzima, sembuse mtu wa kemo, ambaye ngozi yake huungua upesi na maji mwilini hupungua upesi. Wazo la kuvaa raba na fulana alilikataa katakata, na sikumlazimisha. Alivaa baibui lake na viatu vya kufunga, vyenye soli nene, kwa sababu kemo ilimwachia ganzi nyayoni na ndala zilikuwa zikimponyoka bila yeye kuhisi. Jumapili tulichukua bajaji hadi Raskazone, tukatembea pale kandokando ya bahari, upepo ukitupiga, kisiwa cha Toten kikionekana. Kule alipenda kuzungumza. Nikaona kitu: akitembea, majina yalimjia kwa urahisi zaidi kuliko akiwa amekaa. Sidai kuwa huo ni ushahidi. Ni furaha yangu tu.

Mtaa ulikuwa na kazi yake. Wanawake wa rika lake walimsimamisha njiani. "Dada, unatafuta nini nje saa hizi na hali yako?" Shangazi yangu mmoja alinipigia simu kutoka Pangani akaniuliza, kwa adabu lakini kwa uchungu, kwa nini namtesa mgonjwa. Nilimjibu, "Shikamoo shangazi, njoo utembee naye." Alikuja. Waliongozana mpaka soko la Ngamiani, shangazi ndiye aliyeomba kupumzika kwanza, na tangu hapo hanipigii tena kwa hilo.

Gumu zaidi lilikuwa la kunyanyua vitu. Mwanamke aliyetolewa tezi za kwapani huambiwa mkono ule usibebe kitu maisha yake yote, usije ukavimba. Hofu hiyo ina msingi, uvimbe huo upo na unasumbua. Ila mwaka 2009 Kathryn Schmitz na wenzake walichapisha utafiti wa wanawake 141 ambao mikono yao ilikuwa tayari imevimba. Nusu walinyanyua vyuma mara mbili kwa wiki, wakianza na vidogo sana, wakiongeza polepole chini ya usimamizi, wamevaa mfuko maalumu wa kubana mkono. Uvimbe haukuongezeka kuliko kwa wenzao. Waliopata kuzidiwa kwa uvimbe walikuwa wachache zaidi kwenye kundi la vyuma. Kwa fundi cherehani hii ni habari kubwa, maana mkono ndio riziki yake. Mtaalamu wa viungo alimwonyesha jinsi ya kuanza: chupa ndogo ya maji, kuinuka na kukaa kwenye kiti, kusukuma ukuta. Akaambiwa mkono ukianza kuwa mzito au pete kubana, apunguze na arudi kuonwa.

Na ndiyo maana nasema atembee, sisemi kila mgonjwa aamke kesho akimbie mchakamchaka. Saratani ikiwa imefika kwenye mifupa, mfupa unaweza kuvunjika kwa mzigo ambao wewe unauona mdogo. Huyo apangiwe na daktari wake. Mwenye homa wakati wa kemo aende hospitali, asiende barabarani, kwa sababu homa ile inaweza kuwa maambukizi katika mwili usio na kinga. Mwenye damu iliyopungua sana, mwenye chembe sahani (zile zinazogandisha damu) chache ambaye akijigonga kidogo anavilia, mwenye kizunguzungu, mwenye maumivu ya kifua, wote hao waulize kwanza. Na kabla ya kusema akili imechoka kwa kemo, damu ipimwe, tezi ya shingo ipimwe, aulizwe kuhusu usingizi na huzuni, maana hayo yana tiba zake.

Natamani zahanati na kliniki zetu zimwambie mgonjwa na jamaa zake tangu siku ya kwanza maneno mawili tu ya ziada: kwamba anaweza kusahau sahau na si wazimu, na kwamba asilale zaidi ya anavyohitaji. Hapa mjini tuna vikundi vya kukimbia vinavyoimba kila mwisho wa wiki hadi Mkwakwani. Sioni kwa nini visiwe na safu ya nyuma ya watembeao polepole, wakiwemo waliotoka kwenye matibabu. Nguvu ya kundi ni kubwa. Mama mdogo leo anatembea na wanawake wengine wawili wa mtaani, mmoja wao ana kisukari, na siku akitaka kubaki kitandani wanamgongea dirisha.

Sitasema amerudi kuwa yule wa zamani. Vipimo anaandika vyote, na daftari limefungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza ili lisipotee. Mteja anapopimwa, mjukuu wake anasoma namba naye anaandika, au kinyume chake. Soga wanaiweka mpaka futi imekunjwa. Majina bado yanamponyoka akichoka. Ila wali hauungui kama zamani, na gauni la harusi la mpwa wangu, lenye mikunjo na vifungo vya mgongoni, amelishona mwenyewe tangu kukata mpaka kupiga pasi. Kwenye harusi yenyewe alicheza ngoma mpaka nikaanza kuogopa, akifuata hatua za wenzake bila kukosea.

Mwezi ujao ana kliniki. Ameandika maswali kwenye lile lile daftari la vipimo. La kwanza ni kuhusu usingizi, la pili ni kuhusu vidonge vya homoni anavyomeza kila siku na kama vinaongeza usahaulifu. La tatu ni la mtaalamu wa viungo: ganzi ya nyayo ikiendelea kupungua, lini anaweza kupanda tena baiskeli yake kwenda kununua uzi na vitambaa Mgandini.